Kabla ya Kufunga Tela, Piga Hesabu

Mtu aliyezaliwa katika nchi hii ya juu ya Wamakonde hana haja ya kuambiwa kwamba maji ni mali. Sisi twakaa juu, na maji yako chini. Mabibi zetu walishuka bondeni kabla jua halijachomoza, wakapanda tena na mitungi kichwani. Miaka ya 1950 ndipo lilipoanzishwa shirika la maji la Makonde, zikaletwa mashine za kusukuma maji kutoka chini mpaka vijijini huku juu. Hata hivyo, leo bomba likikauka siku mbili tu, utaona ndoo, baiskeli, pikipiki na pikapu zote zateremka njia zile zile za mabibi zetu.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za hiyo pikapu, na tela linalofungwa nyuma yake. Zamani motokaa ilikuwa ya misioni, au ya serikali, au ya mwenye duka kubwa mjini. Siku hizi mkulima akipata fedha nzuri ya korosho hununua pikapu iliyokwisha tumika, kisha fundi wa kuchomelea vyuma humtengenezea tela kwa ekseli ya gari kuukuu. Hilo ni jambo jema, nasi twamshukuru Mungu. Magunia yafika ghalani, saruji yafika kwenye ujenzi, mgonjwa naye apata usafiri.

Lakini kuna swali moja ambalo watu wachache hujiuliza: pikapu hii yaweza kukokota mzigo kiasi gani bila kuhatarisha maisha ya watu? Ukimwuliza mwenye gari atakujibu, "Aa, hii yavuta tu, ina nguvu." Mimi nami nilijibu hivyo, na nilikaribia kujuta maisha yangu yote. Kwa hiyo sikilizeni kisa changu kwanza, kisha tupige hesabu pamoja.

SIKU NILIYOAIBIKA

Kiangazi kilichopita tulikuwa tukijenga kanisa dogo la kigango. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha, na bomba la kijiji halikutoa maji. Mzee mjenzi alisema kwamba ili kumaliza kazi ile zilitakiwa lita 12,000 za maji. Kwa kuwa mimi ni karani, na tena nilisomea ualimu, kamati ya ujenzi iliniambia nifanye hesabu ya safari na mafuta.

Tulikuwa na pikapu, na mkulima mmoja alituazima tela lake lenye magurudumu mawili, pamoja na tanki la plastiki la lita 1,000. Nikachukua kalamu. Lita 12,000 kugawanya kwa 1,000 ni safari 12. Nikaandika vizuri, nikapiga mstari chini kwa rula, nikawasomea. Wote walifurahi, maana mafuta yalikuwa yatosha.

Safari ya kwanza tulishuka asubuhi, tukajaza tanki mpaka juu. Vijana sita walipanda nyuma ya pikapu na majembe yao, na wawili wakakaa juu ya mkono wa tela, mmoja huku na mmoja huku, wakiimba. Mimi nilikuwa mbele pamoja na dereva. Tukaanza kupanda mlima.

Katikati ya mlima, mahali penye mchanga, injini ilianza kulia, kisha ikazima. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu zake zote na kuvuta ya mkono. Magurudumu ya pikapu yalisimama kabisa, lakini sisi hatukusimama. Tela lilikuwa likituvuta nyuma, polepole, kama mtu amvutaye mbuzi kwa kamba. Likageuka upande, likajikunja, likaanza kuisukuma pikapu ukingoni. Vijana wote waliruka. Mmoja wao, Mungu ambariki, aliokota jiwe kubwa akalitupa nyuma ya gurudumu la tela. Likapanda jiwe, likaegemea ukuta wa udongo upande wa mlima, likatulia.

Hakufa mtu. Wale wawili wa mkono wa tela, mmoja aliteguka mkono na mwingine alichubuka magoti. Upande wa pili wa njia, hatua nne tu, palikuwa na korongo.

Jioni ile Baba Paroko aliniita. Hakugomba. Aliniuliza tu:

"Mwalimu, lita moja ya maji ni kilo ngapi?"

"Kilo moja, Padri."

"Na lita elfu?"

"Kilo elfu, Padri. Tani moja."

"Na tela lenyewe bila maji?"

Nikanyamaza. Sikujua.

"Na gari letu limeruhusiwa kuvuta kilo ngapi?"

Hilo nalo sikulijua. Mimi niliyewafundisha watoto wa darasa la nne kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, nilikuwa nimehesabu maji kwa lita na mafuta kwa shilingi, nisihesabu uzito hata mara moja. Kosa la siku ile halikuwa la dereva, wala la mwenye tela. Lilikuwa langu mwenye kalamu.

NAMBA NNE ZA KUJUA

Basi nilikwenda kwa mafundi na kwa madereva wa zamani, nikasoma kitabu cha gari, nikajifunza kwamba kila gari lina mipaka yake iliyowekwa na waliolitengeneza. Mipaka hiyo huandikwa katika kitabu cha gari, au kwenye kibandiko cha chuma au karatasi kilicho mlangoni upande wa dereva, au ndani ya boneti. Namba za kujua ni nne.

Ya kwanza ni uzito wa gari tupu, likiwa na mafuta lakini halina watu wala mzigo.

Ya pili ni uzito wa mwisho wa gari lenyewe, pamoja na watu, mzigo ulio nyuma, na ule uzito ambao mkono wa tela waukandamiza juu ya ndoano. Springi, ekseli na tairi za gari zimepimwa kwa uzito huo, usizidi.

Ya tatu ni uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja, vyote viwili vikiwa vimebeba. Injini, klachi na breki zimepimwa kwa huo.

Ya nne ni uzito wa tela unaoruhusiwa, na hapa angalieni sana, maana mara nyingi huandikwa namba mbili. Moja ni ya tela lenye breki zake lenyewe, nayo ni kubwa. Nyingine ni ya tela lisilo na breki, nayo ni ndogo. Wenye magari hupenda kuitaja ile kubwa. Lakini matela mengi ya vijijini kwetu hayana breki hata moja! Kwa pikapu nyingi namba hiyo ndogo ni kilo 750. Huko Uingereza sheria yasema kwamba tela lisilo na breki lisizidi kilo 750, wala lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Ile iliyo ndogo ndiyo ya kufuatwa.

Tena, kilo hizo 750 si za mzigo tu. Ni za tela pamoja na mzigo wake. Hapo ndipo wengi hupotea.

Je, kama kitabu kimepotea, na kibandiko kimeandikwa Kijapani, au kimefutika? Tazama kadi ya gari. Mara nyingi huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa mwisho. Kisha shika kanuni ya Waingereza: kilo 750 au nusu ya gari tupu, iliyo ndogo. Kama gari lako tupu lina kilo 1,100, basi tela na mzigo wake visizidi kilo 550. Usibahatishe juu zaidi.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Chukueni karatasi, na watoto wa shule wakae karibu, maana hesabu hii ni ya kujumlisha na kutoa tu. Tuseme, kwa mfano, pikapu yetu ina namba hizi:

Gari tupu: kilo 1,700.
Mwisho wa gari na mzigo wake: kilo 2,700.
Mwisho wa gari na tela pamoja: kilo 4,200.
Mwisho wa tela lenye breki: kilo 1,800, lisilo na breki: kilo 750.

Sasa tutazame safari yangu ile ya aibu. Tela tupu, tulipolipima baadaye, lilikuwa na kilo 220. Tanki tupu kilo 30. Maji kilo 1,000. Vijana wawili juu ya mkono wake, tuseme kilo 60 kila mmoja, ni 120. Jumla ni kilo 1,370. Ruhusa ilikuwa kilo 750. Nilizidisha kwa kilo 620, karibu mara mbili ya kiasi chake!

Wala msidhani kwamba gari lilikuwa limezidishiwa kwa jumla. Gari 1,700, dereva na mimi 140, vijana sita 360, tela 1,370: jumla 3,570. Mwisho wake 4,200. Basi mtu angetazama namba hiyo moja tu, angesema, "Twendeni, bado kuna nafasi." Ndiyo maana lazima namba zote zitazamwe, na ile inayokataa kwanza ndiyo itiiwe. Mnyororo hukatika penye pete dhaifu.

Haya, tugeuze mfano. Tuseme mtu mwingine ana tela lenye breki nzuri, linaloruhusiwa kilo 1,800, na gari lake amelijaza nyuma mpaka likafika kilo 2,700. Je, aweza kufunga tela la kilo 1,800? Jumlisha: 2,700 na 1,800 ni 4,500. Mwisho ni 4,200. Hawezi. Akijaza gari sharti apunguze tela mpaka karibu kilo 1,500, na akijaza tela sharti apunguze nyuma ya gari. Vyote viwili havijazwi siku moja.

Kwa tela letu lisilo na breki, 750 kutoa 220 kwabaki kilo 530 za mzigo. Basi hebu tuone kilo 530 ni kitu gani:

Magunia ya korosho ya kilo 80: sita. La saba halimo.
Mifuko ya saruji ya kilo 50: kumi.
Mchanga mkavu: debe la lita 20 lina karibu kilo 32, basi madebe 16.

Mchanga ndio mwongo kuliko vitu vyote. Tela la urefu wa mita 2, upana mita 1.2, na kimo cha mbao sentimita 40, likijaa mchanga mkavu mpaka kwenye ukingo, huwa limebeba zaidi ya kilo 1,500. Ukinyeshewa na mvua huwa mzito zaidi. Nalo kwa macho laonekana tela dogo tu! Kwa hiyo msipime mzigo kwa kujaa kwa tela. Pimeni kwa kilo.

Mizani nayo si ya kutafuta mbali. Chama cha msingi kinachopima korosho kina mizani. Pimeni debe moja la mchanga mlionao, au tofali moja la hapo kijijini, kisha zidisheni. Hesabu ya dakika tano.

MZIGO UKAE WAPI

Kiasi kikiwa sawa bado kuna jambo la pili, yaani mahali pa kuuweka. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli ya tela, mkono wa tela hunyanyuka na kuinua nyuma ya gari. Hapo tela litaanza kuyumba kama mkia wa mbwa, na spidi ikiongezeka huweza kuligeuza gari zima. Ukirundikwa wote mbele, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hautii tena.

Kipimo kizuri ni hiki: mkono wa tela ukandamize ndoano kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela na mzigo wake. Tela la kilo 740, mkono ukandamize karibu kilo 74, ikiwa ndoano yenyewe imeruhusiwa kiasi hicho. Kupima ni rahisi. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, simamisha gogo juu ya mizani, kimo chake kiwe sawa na ndoano ya gari, kisha laza mkono wa tela juu ya gogo. Soma mizani, toa uzito wa gogo. Ikiwa ndogo, sogeza mzigo mbele kidogo. Ikiwa kubwa, rudisha nyuma. Vitu vizito vikae chini na karibu na ekseli.

Maji yana tabia yake tena. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maana maji hukimbia huku na huku. Ukishika breki hukimbilia mbele, ukikata kona hukimbilia upande, ukipanda mlima hukimbilia nyuma. Kwa hiyo kama ruhusa yako ni lita 500, usitie lita 500 katika tanki la lita 1,000. Tafuta tanki la lita 500, ulijaze kabisa, ulifunge kwa kamba pande zote nne.

MLIMA HAUSAMEHE

Namba za kitabuni zimeandikwa kwa gari zima na barabara njema. Sisi wa Kitangari na Newala twajua barabara zetu. Kuna mchanga unaozamisha tairi wakati wa kiangazi, kuna utelezi wakati wa masika, na kuna miteremko ya ukingo wa uwanda wetu, kama ile ya kupanda Newala kutoka Masasi.

Mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 8 za njia huvuta kila kitu nyuma kwa sehemu moja ya nane ya uzito wake. Tela letu la kilo 1,370 lilikuwa likituvuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 171 unaoning'inia kwenye kamba. Lingekuwa na kilo 740, lingevuta kama kilo 92 na nusu. Na kwa kuwa halina breki, nguvu hiyo yote hushikwa na tairi nne za gari tu, nazo ziko juu ya mchanga.

Kuteremka ni hatari zaidi kuliko kupanda. Mlima ukikushinda kupanda, utasimama ukiwa na akili zako. Ukikushinda kuteremka, husimami. Dereva anayeshika breki mfululizo kutoka juu hadi chini huzipasha moto mpaka zinanuka, kisha hukanyaga na hazishiki. Kwa hiyo tia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ile ile ambayo ungepandia mlima huo, injini ikuzuie, nazo breki uzitumie kidogo kidogo. Wala usizime injini ati kuokoa mafuta. Mafuta hununuliwa, roho hainunuliwi.

Tena mkumbuke jambo la spidi. Gari likienda mara mbili ya spidi, mahali pa kusimama breki zikishikwa huwa mara nne mbali. Kama kwa kilomita 30 kwa saa breki zakusimamisha kwa hatua 10, kwa kilomita 60 zataka hatua 40. Na huyo mtoto avukaye njia na ndoo hayuko hatua 40.

MZEE DEREVA ATUTATULIA SHIDA

Nilirudi kwenye kamati na karatasi mpya. Lita 500 kwa safari, basi safari 24 badala ya 12. Watu waliguna. Mafuta yangekuwa mara mbili, na fedha hazikuwapo. Mwenyekiti akasema, "Karani, wewe unaogopa kwa sababu ya siku ile. Tutie lita 800 tu, polepole." Wengine wakaitikia.

Baba Paroko akasema, "Kigango chaweza kungoja mpaka mvua ya mwakani. Mtoto wa mtu hangojwi akishaondoka." Nyumba ikawa kimya.

Ndipo dereva wetu, ambaye hakusoma sana lakini ameendesha magari tangu ujana wake, akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "hesabu yako ya tela ni kweli. Lakini mbona nyuma ya gari huko tupu? Siku ile nilipakia vijana. Vijana wana miguu. Tutie tanki la lita 500 nyuma ya gari, na la lita 500 kwenye tela."

Nikapiga hesabu mbele yao. Tela 220, tanki dogo 20, maji 500: kilo 740, chini ya 750. Gari tupu 1,700, dereva na utingo 140, tanki na maji 520, mkono wa tela wakandamiza 74: kilo 2,434, chini ya 2,700. Gari na tela pamoja: 1,700 na 140 na 520 na 740 ni kilo 3,100, chini ya 4,200. Namba zote zilikubali!

Maji ni yale yale lita 1,000, na safari ni zile zile 12. Tofauti ni kwamba nusu yake sasa yakaa juu ya magurudumu ya nyuma ya pikapu, ndiyo yanayosukuma gari. Badala ya kutuvuta nyuma, yatukandamiza chini, na tairi zapata nguvu ya kushika mchanga. Vijana walitangulia kwa miguu, wakawa wakitungojea juu ya mlima. Safari zote 12 zilikwisha salama, na kuta zikafika kwenye lenta kabla ya mvua.

Mwenyekiti alinijia baadaye akacheka, akasema, "Kumbe hesabu haizuii kazi." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu, lakini hii aliikamilisha dereva."

KABLA YA KUONDOKA, TAZAMA

Kata sehemu hii ya gazeti, uibandike katika gari.

1. Ndoano na kikombe cha tela viwe vya kipimo kimoja. Kikombe kikiwa kikubwa kuliko mpira wa ndoano, kitachomoka kwenye shimo la kwanza. Kama ni jicho na pini, pini iwe na kifungo chake. Msumari haufai.

2. Fungeni minyororo miwili ya usalama kutoka tela hadi gari, ipishane chini ya mkono wa tela, ili ndoano ikichomoka mkono usianguke chini na kuchoma ardhi.

3. Tazameni tairi za tela, zisiwe kuukuu zilizopasuka ubavuni. Ubavuni mna namba ya mzigo: 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615, na 100 ni kilo 800. Mna pia tarakimu nne za kuzaliwa kwake: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tieni upepo wa kutosha.

4. Taa za nyuma ziwake, na vioo vyekundu vinavyong'aa viwepo. Pikipiki nyingi hugonga tela usiku kwa sababu halionekani.

5. Utingo awe na mawe au magogo mawili ya kuzuia gurudumu, tayari mkononi kila mnapopanda.

6. Asikae mtu juu ya tela wala juu ya mkono wake, hata mmoja, hata kwa hatua kumi. Mkataze mtoto wako, mkataze na wa jirani.

7. Kilomita mbili za kwanza zikiisha, simama, shuka, tazama kamba na ndoano, gusa tairi kama zina moto.

DHAMIRI NAYO IPIMWE

Mwisho, ndugu msomaji, usidhani kwamba hii ni habari ya mafundi tu. Bwana wetu alituambia habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa maagizo ya uchungaji wa barabarani, yenye amri kumi za madereva, na ya kwanza kati yake ni ile ile tuliyofundishwa katika katekisimu tukiwa wadogo: usiue. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo yafundisha kwamba mtu anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda spidi kupita kiasi ana hatia kubwa. Hapo nami nawaza moyoni: anayejaza tela kupita kiasi ili aokoe shilingi za mafuta, je, yuko mbali na hatia hiyo?

Tena neno hili si la dereva peke yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye magunia huona ni mepesi, kwa kuwa hayuko kwenye usukani. Humwambia dereva, "Ongeza mawili tu, nitakupa kitu kidogo." Dereva kijana, mwenye mke na watoto, aona haya kukataa. Basi wewe mwenye mzigo, usimjaribu mwenzako. Wewe mwenye gari, mpe dereva wako ruhusa ya kusema hapana, wala usimnyime mshahara kwa neno hilo. Na wewe karani mwenzangu, wa kanisa, wa chama au wa shule, ukiandika idadi ya safari, andika na kilo pembeni.

Ile karatasi yangu ya kwanza, yenye mstari wa rula, sikuitupa. Imo ndani ya daftari la ujenzi, na kila nikifungua daftari naiona. Yule kijana aliyeteguka mkono amepona, na Jumapili hupiga ngoma ya kwaya katika kigango kile kipya. Nikimsikia akipiga, humshukuru Mungu kwa jiwe lile moja, kisha husema moyoni: mawe hayapatikani kila mlima. Piga hesabu kwanza.